Mashini ya Kambo na Kasoro Zake



Juma lililopita, kisha mkutano wa chama, wamama wa kikundi cha kufula nguo walinisimamisha kwenye mlango. Wako kumi na wawili. Kwa miezi minane wamekuwa wakitia feza katika likelemba, na sasa wamefika wakati wa kununua kitu cha kikundi chote: mashini ya kufulia. Mikono yao imechoka. Mmoja wao alinionyesha vidole vyake, ngozi imepasuka juu ya sabuni na maji baridi ya mwezi wa sita. Akasema, "Mama, andika juu ya jambo hili. Sisi wenyewe tumegawanyika."

Wamegawanyika juu ya mashini mbili. Moja ni mpya, nyeupe, ina mlango wa kioo mbele na namba zinazowaka. Unatia nguo, unabonyeza, unakwenda sokoni. Nyingine ni ya okazioni, ya matangi mawili: tangi la kufulia na tangi la kukamulia. Ina kutu kwenye miguu, na mwenye kuiuza anakubali mwenyewe kwamba inatikisika. Wamama sita wanataka mpya, sita wanataka ya okazioni. Na wale wa okazioni wanaambiwa kwamba hawapendi maendeleo.

Nilicheka, kwa sababu ugomvi huo uko katika parseli yangu pia.

Wale waliofika nyumbani kwangu wanaijua mashini yangu. Iko kwenye baraza, karibu na robine. Niliinunua kwa mama mmoja aliyekuwa anahama, miaka kumi na tisa imepita, na hata siku ile haikuwa mpya. Watoto wangu waliipa jina la Kambo, kwa sababu inanguruma, inavuja kidogo, na haipendi kuharakishwa. Kitufe cha saa kilivunjika zamani, tunakizungusha kwa pinsi. Wakati wa kukamua inatembea. Ukiiacha peke yake utaikuta mbele ya mlango wa jiko. Kwa hiyo tunaweka tofali mbili mbele ya miguu yake. Kila mtu wa nyumba anajua kwamba kikwembe kizito hakiingii peke yake katika tangi la kukamulia. Kinaingia pamoja na taulo, upande huu na upande huu, ili uzito ulingane.

Binti yangu mkubwa anasema, "Mama, uza hiki chuma kwa kilo, utuondolee haya." Mimi ninakataa. Kwa miaka mingi niliona aibu kusema sababu ya kweli, ni kwamba ninaipenda. Nikisikia mngurumo wake siku ya posho asubuhi, ninajua kwamba nguo za siku ya Yenga zitakuwa tayari.

Kisha nilianza kusoma juu ya historia ya mashini hizi, na nikagundua kwamba siko peke yangu. Kuna watu mbali sana, wenye feza ya kununua mashini mpya kila mwaka, wanaopenda mashini za zamani pamoja na kasoro zake zote. Nataka niwaeleze juu ya watu hao leo, kisha tutarudi kwa wamama wetu kumi na wawili na feza yao.

Katika mji mdogo wa Eaton, jimbo la Colorado, huko Marekani, mwalimu wa zamani wa chuo kikuu anayeitwa Lee Maxwell alikusanya mashini za kufulia zaidi ya 1,000. Alikuwa amefundisha uinjinia wa umeme. Alipokwisha kustaafu alinunua mashini zilizotupwa na wengine, za mbao, za shaba, za chuma, akazifungua, akazisafisha, akazifanya zizunguke tena. Nyingi ni za kuzungushwa kwa mkono. Mtu akiziona zote zimepangwa, anaelewa kwamba kazi ya kufula ilichosha wanawake wa kila nchi, na kwamba watu walijaribu mara mia na mara mia tena kuipunguza.

Wako wengine wengi, huko Marekani na Uingereza pia. Wanakutana nyumbani kwa mmoja wao, wanaleta nguo chafu, wanawasha mashini za miaka ya 1940 na 1950, wanafungua kifuniko, na wanasimama kutazama maji yanavyozunguka. Wanaume wazima wanatazama nguo zikifuliwa! Wengi wanasema mapenzi hayo yalianza utotoni, walipokuwa wakisimama karibu na mama yao siku ya kufula.

Usiwacheke haraka. Kulikuwa mtaalamu mmoja wa Sweden, Hans Rosling, aliyejulikana kwa kueleza hesabu za dunia kwa watu wa kawaida. Katika hotuba moja alisimulia siku mama yake alipotia nguo katika mashini kwa mara ya kwanza; yeye Hans alikuwa na miaka minne. Bibi yake alialikwa pia. Bibi huyo alikuwa amechemsha maji kwa kuni na kufula kwa mikono maisha yake yote, nguo za watoto saba. Aliomba yeye mwenyewe abonyeze kitufe. Kisha alileta kiti, akaketi mbele ya mashini, akaitazama mpaka ikamaliza. Kwake ilikuwa muujiza. Na Rosling alisema kwamba tangu siku hiyo mama yake alipata saa za kumpeleka maktaba na kumsomea vitabu.

Mimi nilipoleta Kambo nyumbani, niliketi pia. Sikuleta kiti, niliketi juu ya bidoni.

Sasa tusiongope: mashini hizo zinazopendwa zilikuwa na kasoro kubwa. Wanaozipenda wanajua kuzihesabu kuliko mtu mwingine yeyote.

Chukua Bendix. Mwaka 1937 kampuni hiyo ya Marekani ilionyesha mashini ya nyumbani iliyoweza kujaza maji, kufula, kusuuza na kukamua bila mtu kuigusa, yenye mlango mbele. Ilikuwa jambo la ajabu. Lakini haikuwa na resori za kushika mtikisiko. Ilipaswa kufungwa kwa buloni kwenye sakafu, na kama sakafu ilikuwa ya mbao, nyumba yote ilitikisika. Nilipokwisha kusoma hayo nilizitazama tofali zangu mbili mbele ya Kambo, na nikaona kwamba wamama wa Marekani waliteswa na jambo lile lile.

Chukua Frigidaire. Wakati huo ilikuwa mali ya General Motors, ile kampuni ya magari. Mwaka 1947 ilitoa mashini ambayo kitu cha kati hakikuzungusha nguo. Kilipanda na kushuka kwa nguvu, kama mtu anayetwanga. Ilikamua kwa mizunguko 1,140 kwa dakika, mwendo mkali kwa wakati ule, na watu wanaoipenda wanasema hakuna mashini inayopendeza kutazama kama hiyo. Lakini mashini za Marekani za namna hiyo, zenye mlango juu, zilikunywa maji kama ng'ombe: karibu litre 150 kwa kufula mara moja. Fanyeni hesabu, wamama. Ni bidoni saba na nusu za litre 20. Nani kati yetu atazibeba?

Huko Uingereza, kampuni ya Hoover ilifungua kiwanda chake cha mashini za kufulia mwaka 1948, katika mji wa Merthyr Tydfil, Wales. Mashini ya kwanza ilikuwa sanduku dogo lenye roli mbili juu za kukamulia kwa mkono. Mwaka 1957 ikatoka ile ya matangi mawili, Hoovermatic, nayo ikaenea katika nyumba nyingi. Kasoro yake ni kwamba haikumwacha mama akae. Alisimama karibu nayo tangu mwanzo mpaka mwisho, akatoa nguo katika maji ya moto kwa koleo la mbao, akazihamisha katika tangi la pili, akarudi tena. Baraza lililowa, mikono ililowa.

Lakini tazameni uzuri wake. Maji yale yale yalitumika mara nyingi. Mama alitia kwanza nguo nyeupe, kisha za rangi, mwishoni nguo za kazi za baba. Maji ya sabuni yaliyotoka katika tangi la kukamulia yalirudishwa katika tangi la kufulia. Je, si vile vile tunavyofanya sisi na basini zetu tatu? Nani alitufundisha? Shida ya maji ilitufundisha, na iliwafundisha wao pia. Ndiyo sababu mashini za matangi mawili zinatengenezwa mpaka leo, na zinauzwa hapa kwetu mpya na za okazioni.

Kasoro nyingine iligeuka kuwa baraka kwa jamaa fulani. Kampuni ya Maytag, katika mji wa Newton, jimbo la Iowa, ilitengeneza mashini zenye tangi la aluminiamu na roli mbili za kukamulia juu. Kwa sababu mashambani hakukuwa umeme, wangeweza kuweka chini yake injini ndogo ya petroli, unayoiwasha kwa kukanyaga kwa mguu kama pikipiki, yenye bomba la kupeleka moshi nje. Ilifanya makelele kama grupu. Mashini za kisasa zilipokuja, wengi waliiacha ile ya roli. Lakini Maytag iliendelea kuitengeneza mpaka mwaka 1983, kwa sababu bado kulikuwa watu waliotaka hiyo na si nyingine. Mpaka leo jamaa za Waamish katika Ohio na Pennsylvania, ambao hawaungi nyumba zao na nyaya za umeme wa mji, wengi wanafula kwa mashini za namna hiyo, wakiziendesha kwa injini ndogo au kwa nguvu ya hewa. Kwao mashini ya zamani si ukumbusho. Ni kazi ya kila juma.

Na mashini za kukaushia? Huko Marekani mtu mmoja wa North Dakota, J. Ross Moore, alichoka kuona nguo zikiganda kwenye kamba wakati wa baridi, akatengeneza namna ya kuzikausha ndani. Kampuni ya Hamilton, katika mji wa Two Rivers, jimbo la Wisconsin, ilianza kuuza mashini ya kukaushia mwaka 1938 na kuiita "June Day," maana yake siku ya mwezi wa sita, kwa sababu kwao mwezi wa sita ni wa jua zuri. Sisi wa Lubumbashi tukisikia hivyo tunacheka, kwa sababu kwetu mwezi wa sita ni baridi. Lakini hata sisi, katika miezi ya mvua, tunaomba siku moja ya jua ili nepi za mtoto zikauke.

Mashini hizo za kukaushia zinapendwa pia. Lakini zina kasoro isiyo ya kuchekesha. Nguo zikizunguka katika hewa ya moto zinaacha nyuzi ndogo ndogo, laini kama pamba. Nyuzi hizo zikijaa katika chujio na katika bomba, zinashika moto. Huko Marekani, wale wanaochunguza mioto ya nyumba wanasema sababu kubwa ya mioto inayoanzia kwenye mashini za kukaushia ni moja tu: watu hawakuzisafisha.

Hapo ndipo ninapotaka kuwapeleka leo, wamama wapenzi. Nimefurahia kuwaeleza mapenzi ya watu hao, kwa sababu ni mapenzi yangu pia. Lakini kuna jambo ambalo sijaliandika bado katika ukurasa huu, na wamama wale kumi na wawili wanastahili kulisikia kabla hawajatoa feza.

Mashini ya matangi mawili ina freni. Ukifungua kifuniko cha tangi la kukamulia, freni inashika, tangi linasimama mara moja. Freni ya Kambo ilianza kuchoka. Kwanza tangi lilisimama kisha kuhesabu tano. Baadaye kuhesabu kumi. Baadaye sikuhesabu tena. Nilijua. Watoto walijua. Mgeni akishangaa, tulicheka na kusema, "Kambo ndivyo alivyo, mngojee kidogo." Tuliiweka freni pamoja na tofali na pinsi, katika mambo ya kuchekesha ya Kambo.

Miaka mitatu imepita, siku moja ya posho, nilikuwa kwenye kamba nikitandaza mashuka. Mjukuu wangu, aliyekuwa na miaka sita wakati huo, alitaka nguo yake ya kwenda kuimba. Aliifungua Kambo kama alivyotuona sisi tukifanya, akatia mkono. Tangi lilikuwa bado likizunguka. Mkono wa shati moja ulimzunguka kwenye kiganja na kumvuta mpaka kwenye bega. Nilisikia kilio, sikujua nilivyofika. Nilichomoa waya kwenye prize, nikakata shati kwa kisu.

Mfupa haukuvunjika. Mungu ashukuriwe. Lakini mkono ulivimba ukawa mweusi tangu kiganja mpaka juu ya kiwiko, na kwa juma mbili hakuweza kushika kalamu. Mama yake hakuniambia neno baya. Alimwosha mtoto kila jioni, akamfunga kitambaa, na hakuniambia neno baya. Ningependa angeniambia.

Mnaelewa sasa kwa nini binti yangu anataka niuze chuma hicho kwa kilo. Haya anayosema ni haya ya mbele ya watu, lakini chini yake kuna woga wa mama.

Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya mwaka mmoja kabla. Niliita fundi. Alifungua sehemu ya nyuma, akanionyesha kipande cha freni kilicholika kabisa, na kamba ndogo ya chuma inayokivuta iliyolegea. Alibadilisha vyote viwili asubuhi ile ile. Nililipa dola kumi na tano, kazi na vyombo. Dola kumi na tano, wamama. Kwa mwaka mzima niliona afadhali kucheka kuliko kutoa dola kumi na tano.

Nilipokuwa nikisoma historia ya mashini zile za roli, niliona kwamba hata jambo hili halikuwa langu peke yangu. Roli zile mbili zilivuta vidole, nywele, mikono ya watoto. Katika miaka ya 1930 madaktari wa Marekani walikuwa tayari wanaandika juu ya majeraha hayo, kwa sababu watoto waliletwa hospitalini mara kwa mara. Watengenezaji wakaongeza chuma cha kusukuma haraka ili roli zifunguke. Na leo watu wanaokusanya mashini hizo na kuzipenda wanakuambia jambo hilo kwanza: hapa ndipo panapouma, usifunge kitambaa kinachoning'inia, usimwache mtoto akaribie. Nikaona kwamba hao wanaopenda vizuri wanapenda macho wazi. Mimi nilikuwa nikipenda na kufumba jicho moja.

Basi, kuna kasoro za namna mbili, na tusizichanganye. Kuna kasoro inayotaka uvumilivu wako: inavuja tone, inanguruma, inatembea, kitufe kimevunjika. Hiyo unaweza kuizoea, kuicheka, hata kuipenda. Na kuna kasoro inayotaka damu: freni, waya ulio wazi, maji karibu na umeme, nyuzi zilizojaa katika bomba la moto. Hiyo haizoewi. Siku unapojisikia unasema "ndivyo ilivyo" juu ya kasoro ya namna ya pili, siku hiyo chomoa waya na uite fundi.

Sasa nirudi kwa kikundi. Sitawachagulia, feza si yangu. Nitawapa mambo ninayoyajua.

Mashini ile mpya ina mema yake, na wanaoitaka si watu wa kiburi. Inatumia maji kidogo kwa kufula mara moja, karibu litre 50. Mlango wake unajifunga na haufunguki mpaka ngoma isimame. Kama ningekuwa na mlango wa namna hiyo, mjukuu wangu hangeumia. Inamwachilia mama aende kufanya kazi nyingine. Lakini inadai robine yenye nguvu na umeme usiokatika. Delestaje ikiingia katikati, nguo zinabaki zimefungwa ndani ya maji. Na umeme ukirudi kwa kishindo, unaweza kuchoma karte ya elektroniki, na mara nyingi bei ya karte inakaribia nusu ya bei ya mashini yenyewe. Mkiichagua, tengeni tangu leo feza ya kifaa cha kulinda umeme. Msiseme mtakinunua baadaye.

Ile ya okazioni inakubali maji ya bidoni. Umeme ukikatika, unainua kifuniko na kumaliza kwa mikono. Ukirudi, unaendelea pale ulipoacha. Ndani yake kuna mota mbili, mkanda wa mpira, saa ya kuzungusha, na freni. Fundi wa kartieri anaweza kuiona yote kwa macho. Lakini inataka mama mmoja asimame karibu nayo saa zote. Katika kikundi cha watu kumi na wawili hilo linawezekana. Kwa mama aliye peke yake na watoto wadogo ni jambo la kufikiri mara mbili.

Na msidanganywe na neno "vya zamani vilikuwa vigumu, havikufa." Tunaona zile zilizobaki. Zile zilizokufa zilikwisha kuuzwa kwa kilo zamani, hakuna anayezikumbuka. Mashini ya okazioni inapimwa yenyewe, si kwa sifa za dada zake.

Kwa hiyo, siku mtakapokwenda kuitazama, msiende mtu mmoja, na msiende bila fundi. Ombeni iwashwe ikiwa na maji na nguo ndani, kwa sababu mashini tupu haisemi ukweli. Wakati wa kukamua, fungueni kifuniko na mhesabu. Ikiwa tangi halisimami mara moja, kataeni, au mtoe bei ya freni mpya katika bei na itengenezwe kabla haijafika kwenu. Tazameni waya wote kwa mkono, tangu prize mpaka mahali unapoingia. Ukiona umefungwa kwa plastiki au umepasuka, ubadilishwe. Mtu akigusa chuma cha mashini na kusikia mtekenyo, mashini hiyo isiguswe tena mpaka fundi aweke waya wa ardhi. Tazameni chini yake: maji yanayovuja kutoka kwenye bomba ni jambo dogo, maji yanayodondoka juu ya mota si jambo dogo.

Nyumbani, iwekeni juu ya sakafu kavu, si katika tope karibu na robine kama nilivyofanya mimi miaka ya kwanza. Prize iwe juu, mbali na watoto. Anayekamua avue bangili na afunge vizuri mwisho wa kikwembe. Na muandike sheria moja kwenye ukuta, kwa herufi kubwa, ambayo hata mtoto ataisoma: mkono hauingii mpaka tangi limesimama.

Jambo la mwisho ni juu ya wale sita na wale sita. Dada zangu, yule anayependa kitu cha zamani asiitwe mtu wa nyuma. Mara nyingi anakipenda kwa sababu anakielewa, na kitu unachokielewa hakikutawali. Na yule anayetaka kitu kipya asiitwe mwenye kiburi. Labda ana mtoto mdogo nyumbani na anafikiri juu ya mikono yake. Ulizaneni sababu kabla ya kupiga kura. Mimi sikumuuliza binti yangu sababu yake kwa miaka mitatu. Nilimuuliza juma hili, kisha kuongea na ninyi. Tulikaa kwenye baraza mpaka usiku.

Tumepatana hivi: Kambo anabaki, mpaka fundi aseme freni haiwezi kubadilishwa tena. Na kila siku ya kwanza ya mwezi, binti yangu mwenyewe ndiye atakayefungua kifuniko na kuhesabu. Akifika mbili na tangi bado linazunguka, waya unachomolewa, na mimi sina neno la kusema.

Mjukuu wangu ana miaka tisa sasa. Siku ya posho iliyopita alisimama karibu nami Kambo ikikamua. Mashini ikazimika. Alishika mikono yake nyuma ya mgongo, akatazama, akangoja mpaka tangi likatulia kabisa. Kisha akatoa nguo zake moja moja, akazipeleka kwenye kamba.

Wamama wa kikundi, tuambieni mtakachochagua. Tutaandika hapa.